Posa Kabatini, Kaka Hewani

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kujifunza kukata simu. Kazi hiyo tuliiachia vocha. Kaka yangu mkubwa alikuwa Uingereza, akitupigia kwa kadi za huko, na sisi tukimpigia kwa vocha za kukwangua, na iwe yeye au sisi, simu ilikufa katikati ya neno. Mama anaanza, "Mjomba wako wa Mwankoko ame," halafu kimya. Kaka wa watu anakaa wiki nzima huko ugenini hajui kama mjomba ameoa, amekufa au amenunua baiskeli. Ilikuwa baiskeli.

Na kwa kuwa dakika zilikuwa chache, sisi wote tulikuwa wazima. Mama ana malaria, mzima. Upepo wetu wa Singida, ambao hauna adabu hata kidogo, umeng'oa bati mbili za jikoni, wote wazima, hakuna shida, na wewe je, mzima. Tulidanganyana kwa miaka mingi kwa sababu ukweli ulikuwa mrefu kuliko vocha.

Baba ndiye aliyefaidika. Baba alikuwa na duka la vitenge na mafuta ya alizeti karibu na soko, duka alilolikuza tangu biashara ilipokuwa ruksa, na mimi ndiye niliyekuwa nalisimamia. Simsemi vibaya, lakini ukimwachia baba duka asubuhi, ikifika adhuhuri utamkuta anabishana na mteja kuhusu ukoo wa mteja huyo, na kitenge hakijapimwa. Kwa hiyo ilipokuja barua ya posa yangu, baba hakuona mkwe. Aliona duka bila mtu.

Mposaji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Issuna, mtu mpole hadi anaudhi. Nilimfahamu dukani. Mwanaume gani ananunua kitenge mara tatu kwa mwezi, na hana mke, wala dada, na mama yake alishamwambia inatosha? Mara ya tano nikamuuliza anavifanyia nini. Akasema anavitunza. Nikajua huyu ama ni mgonjwa ama ni wangu.

Barua ililetwa na mshenga kama inavyotakiwa, mzee wa makamo aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, barua imefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Baba aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye kabati la vyombo chini ya sahani za wageni. Akasema posa nzuri, watu wazuri, ila kaka yake mkubwa lazima ashauriwe kwanza, na jambo la ndoa haliongelewi kwa vocha. Mshenga akatikisa kichwa kwa heshima. Nani angebisha? Ni neno la busara kabisa.

Baada ya mwezi mshenga akarudi. Bado hatujampata vizuri, baba akasema, simu zinakatika. Akarudi tena baada ya Idi. Baba akamwambia haraka haraka haina baraka. Akarudi wakati wa kupanda alizeti. Baba akamwambia vilevile, na safari hii mshenga akamjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Ikapita mwaka mmoja na nusu. Na katika simu zote hizo, wallahi, baba hakumgusia kaka neno posa hata mara moja. Mimi ningesemaje? Msichana hajitangazii ndoa yake kwa kaka mkubwa. Mama naye alikatazwa, kwa kuwa baba alishasema atamwambia mwenyewe. Mama hakuwa mwanamke wa kupita juu ya neno la mumewe. Alikuwa wa kupita pembeni.

Halafu mshenga akatuma ujumbe. Alizeti zikishavunwa, Jumamosi atakuja mara ya mwisho. Atapewa jibu, au atarudishiwa barua yake.

Sijui kama nyie mnaelewa barua ya posa ikirudishwa maana yake nini kwa msichana wa miaka ishirini na saba katika mtaa kama wetu. Nilijiona pale dukani nikipima vitenge vya sare kwa ajili ya harusi za wenzangu, halafu za wadogo zao, halafu za watoto wao, na mimi na baba tukibishana kuhusu koo za watu mpaka mvi. Wiki ile nilikuwa na hasira hata kwa mizani ya duka.

Wiki hiyohiyo ndiyo intaneti ilipoingia nyumbani kwetu. Kaka alikuwa amechoka na habari za wote wazima. Alituma kompyuta kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi, akagharamia laini, na mafundi wa simu wakaja na kiboksi chenye taa za kijani. Fundi akaeleza kwamba kitu hiki hakipigwi wala hakikatiki, kiko hewani saa zote, kinalipiwa kwa mwezi uongee usiongee.

Baba akamuuliza kama kiko hewani hata sisi tukilala. Ndiyo mzee. Kinafanya nini? Kipo tu. Baba hakupenda kabisa kitu kinacholipwa kwa kuwepo tu. Nikamwambia ni kama mlinzi wa duka. Akasema mlinzi angalau anakohoa.

Kamera ilikuwa imevunjika njiani, kwa hiyo ilibaki sauti: spika mbili na maiki kijiti. Tuliiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani. Mama, ambaye hawezi kuona kitu kipya bila kukivisha, akaifunika kioo chake kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi, na spika nazo kila moja na kitambaa chake. Maiki akaiona haina haya kusimama uchi mbele za watu, akaiingiza chini ya waridi.

Ijumaa baada ya swala kaka akapiga. Ile sauti! Ilikuwa safi, karibu, kama mtu aliyekaa kwenye mkeka. Hata pumzi yake tuliisikia. Baba kwa mazoea alisimama, akajibu "Marahaba" kwa sauti ya kuvuka bahari, kaka akamwomba taratibu apunguze. Baba akakaa. Wakaulizana hali, wakaulizana mvua, na baba akaanza kuangalia ukutani, anangoja ikatike.

Haikukatika.

Kwetu mgeni hafukuzwi. Mgeni ndiye huaga, na mwenyeji humzuia mara mbili kabla ya kumwachia. Sasa pale aliyekuja ni kaka, kwa hiyo baba alingoja kaka aage. Lakini kaka ni mtoto, na mtoto haondoki mbele ya baba yake mpaka aambiwe haya nenda, kwa hiyo kaka akangoja aambiwe. Nikawasikia wanatapatapa. Baba anasema, ndiyo hivyo bwana. Kaka anaitika, naam baba. Baba anasema, basi ndiyo maisha. Kaka anasema, ni kweli baba. Wakaulizana mvua mara ya pili. Bei ya alizeti. Mvua. Kisha wakanyamaza wote wawili, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake, kwa muda ambao mtu angeweza kupika maharage. Posa haikutajwa. Hata nusu saa ya kimya haikutosha kumfanya baba aikumbuke.

Mwishowe kioo cha kompyuta kikazima chenyewe, kama vinavyofanya visipoguswa. Giza chini ya waridi. Baba akashusha pumzi kwa furaha ya mtu aliyetoka kwa daktari wa meno.

"Imejikata," akasema, akavaa viatu akaenda dukani.

Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta miezi mitatu pale mjini, nilijua haijakatika kitu. Taa zilikuwa zinacheza, spika zinavuma. Nikanyoosha mkono niitikise. Mama akatokea na ungo wa mchele, akauliza imezimika? Nikamwambia imesinzia tu, kaka bado yupo.

"Iache," mama akasema.

Nikaanza kueleza kwamba huwa inafungwa mtu akimaliza. Hakunipa nafasi. Akasema mtoto yuko nyumbani, na mimi nataka kumtoa? Akaketi karibu na spika, akaanza kuchambua mchele, na akamwita kaka kwa jina lake la utotoni. Kaka akaitika haraka mno, kama aliyekuwa anaogopa kupumua.

Mchana ule mama aliongea na mwanawe mambo ambayo vocha zote za Singida zisingeweza kuyabeba. Alijua kwamba mwanawe anakula mkate asubuhi na mkate jioni. Alimfundisha kuunga mlenda, na majani hana. Kaka alipokwenda kazini alisema, mama natoka, narudi, mama akasema haya, na hakuna aliyefunga chochote huku wala huko. Jirani yetu wa upande wa pili alipoingia kuomba chumvi, mama akamwambia msalimie mgeni, na jirani, mwanamke mwenye akili zake timamu, akakiinamia kitambaa cha kufuma akakipigia hodi. Jioni kaka alikuwa amerudi na amelala, tukiwa tunakula baba akasikia kitu kinakoroma.

"Kuna paka sebuleni?"

"Atatoka," mama akasema, akamwongezea mboga.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mama yangu. Nikatulia, nikala.

Jumamosi saa nne mshenga akafika. Kwa kawaida alikaa kwenye kochi karibu na mlango. Safari hii mama alikuwa amelijaza kochi nguo za kukunja, akamwelekeza kwenye kiti kilicho kando ya meza ya cherehani. Mimi na mama tukabaki nyuma ya pazia la koridoni. Mama alikuwa na birika mkononi ambalo halikuwa na kitu.

Walisalimiana, wakamaliza mvua, wakamaliza alizeti. Mshenga akakohoa. Akasema kwa upole kwamba yeye ni mzee, safari za Issuna zimemchosha miguu, na waliomtuma wamesema leo ndiyo mwisho. Nilishika pazia, mama akanipiga kidogo kwenye mkono niliachie.

Baba akatoa uso wake wa huzuni, ule wa kumwambia mteja kwamba bei ya jumla imepanda.

"Mzee mwenzangu," akasema, "tatizo ni kaka yake. Tumemtafuta sana. Simu za huko unazijua mwenyewe. Hatujampata."

Kisha chini ya maua ya waridi ikatoka sauti:

"Shikamoo baba. Mimi nipo."

Mshenga aliitika marahaba kabla hajafikiri, kama mtu aliyelelewa vizuri, ndipo akanyanyua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Baba aliangalia redio. Akaangalia dari. Kaka akamwamkia na mshenga pia, shikamoo mzee, na mshenga akamuuliza mwanangu uko wapi. Uingereza, kaka akajibu. Mshenga akainama, akachungulia chini ya meza.

Nilijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mama hata hakutabasamu.

Lakini mtu hapewi kazi ya ushenga bure. Yule mzee alijikusanya, akashusha miguu, akanyoosha kanzu, akasema Mwenyezi Mungu amerahisisha, kaka aliyekuwa anatafutwa amepatikana. Kaka akauliza anatafutwa kwa jambo gani. Ikabidi baba aeleze, na sauti yake ilipungua kidogo kwa kila neno: posa, ya dada yako, ya mwalimu, ya Issuna, ya mwaka juzi.

Nilingoja kaka aulize mshahara. Nilingoja aulize ukoo. Nilikuwa nimejiandaa hata aulize kwa nini hakuambiwa, na ugomvi uanze, na barua irudi Issuna kwa sababu ya ugomvi.

"Mwenyewe ameulizwa?" kaka akasema.

Mwaka mmoja na nusu, jamani. Barua imekaa chini ya sahani mpaka imeshika harufu ya pilau, na hilo lilikuwa swali jipya kwa kila mtu aliyekuwepo. Baba akaniita.

Nikaingia, nimejitanda, nikakaa kwenye mkeka, macho chini. Nilijua la kufanya. Shangazi alitufundisha wote: mwali akiulizwa ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Anayejibu upesi anaonekana ana njaa. Baba akaniuliza, mwalimu wa Issuna ameleta posa, unasemaje? Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri, si kujisifu. Nikainamisha kichwa, nikavuta ukindu wa mkeka kwa kidole kama inavyopendeza. Mshenga akasema alhamdulillahi. Baba naye akashusha mabega, nikaona kwamba hata yeye ameguswa.

"Haloo?" kaka akasema. "Mnanisikia? Naona imekata."

Mshenga akamwambia haijakata, dada yako amenyamaza, yaani amekubali.

"Mzee, mimi kunyamaza kwake nitakusikiaje? Hata asingekuwepo hapo ningesikia hivyohivyo. Jana mimi nimenyamaza humu nusu saa, baba akadhani sipo. Samahani baba. Aseme."

Baba akaniangalia, akamwangalia mshenga. Msichana aseme? Mbele ya mshenga? Mshenga akakuna ndevu. Ameoza watu wengi, alisema, lakini wote walikuwa na macho ya kumwona mwali. Huyu aliye mbali ana hukumu yake. Akafikiri tena, akasema basi aseme kidogo.

Nikasema kidogo. "Namtaka."

"Haloo?"

Maiki ilikuwa chini ya waridi, bila shaka. Baba akaniashiria nirudie. Nikarudia. Haloo, haloo, kaka anasema, sauti haifiki. Mara ya tatu. Na hapo, sijui niseme nini, ikanipanda. Mwaka mmoja na nusu wa kabati, wa vocha, wa Idi mbili, wa yule maskini kununua vitenge asivyovihitaji. Nilisimama, nikakivuta kile kitambaa kikaanguka, nikaikamata maiki, na nikasema kama sote nyumbani kwetu tulivyozoea kuongea na Uingereza:

"Namtaka! Namtaka mwalimu wa Issuna!"

Nje, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara aliacha kupuliza tairi. Dirishani kwetu kikapasuka kigelegele, kumbe jirani alikuwa amesimama pale muda wote na chumvi yetu mkononi, anakuja kuirudisha.

"Nimesikia," kaka akasema. "Mimi sina pingamizi, baba."

Baba alikaa akiangalia vidole vyake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, basi, kwani nani alikuwa anakataa? Kana kwamba barua imeletwa asubuhi ile. Mshenga akacheka mpaka akafuta macho, na mimi nikacheka huku nalia, maiki bado mkononi.

Mama akaingia na chai. Kwa namna fulani birika sasa lilikuwa limejaa. Mama hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wageni wa kiume, kwa hiyo alipofungua mdomo sote tulidhani anaomba nafasi ya kuweka sinia.

"Mimi nilinyamaza," akasema.

Baba akauliza lini.

"Siku ile, kwa baba yangu, Mwankoko. Waliponiuliza. Nilikuwa nalia, sauti ikagoma. Wakasema amekubali, wakatoka kupiga vigelegele."

Alisema bila ukali wowote, anamimina chai ya mshenga, kisha ya baba. Mshenga akakishika kikombe chake na kukitazama kama kitu kilichoandikwa. Spika zikawa zinavuma tu. Nilitamani intaneti ikatike, na haikukatika, kwa kuwa haikatiki. Miaka thelathini na zaidi wameishi pamoja, watoto watano, duka, mabati yameng'oka na kurudishwa, na sikuwahi kulisikia neno hilo. Kwa uso wa baba nikajua hata yeye hakuwahi.

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Na kama sauti ingetoka," akamuuliza mama, "ungesemaje?"

Mama akatia sukari kwenye kikombe cha baba, vijiko vitatu, akakoroga.

"Sijui. Hawakungoja."

"Mimi nakuuliza sasa."

Mama akamwangalia. Nilidhani atacheka, maana ni swali la kuchekesha, mtu kumposa bibi wa wajukuu wawili mbele ya mshenga wa mtu mwingine. Hakucheka. Akasema amesikia, na atamjibu. Akaokota kitambaa chake cha waridi sakafuni, akakikung'uta, akarudi jikoni.

Mshenga alikunywa chai yake haraka, akaaga, na baba akasahau hata kumzuia mara mbili. Nilimwambia naenda kufungua duka, akasema nenda. Yeye hakwenda. Niliporudi baada ya adhuhuri nilimkuta palepale, kofia gotini, kiti amekigeuza kikatazama mlango wa jikoni. Mle ndani mama alikuwa anatwanga kitu, taratibu, bila haraka ya mtu yeyote.

"Baba," kaka akaita kutoka kwenye spika, "mama amesemaje?"

Baba akamjibu kwa sauti ya chini, ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwenye simu.

"Subiri. Bado anafikiri."